Butembo au Beni? Pima kabla ya kufunga mizigo

Watu wa kusini ya Lubero walianza kuliuliza swali hili Juni 2024, Kanyabayonga na Kirumba zilipoanguka. Watu wa Goma walilidaka mwishoni mwa Januari 2025, mji wao ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23. Tukipanda kaskazini, tusimame Butembo au tuendelee mpaka Beni? Wapo wanaobishana kama Ubelgiji ni bora kuliko Ufaransa. Hao wana visa mfukoni, nami sina la kuwaambia. Wengi wetu tunachagua kati ya miji miwili iliyoachana kwa kilomita 54 tu za barabara ya taifa namba 2. Jimbo ni moja, dayosisi ya Kikatoliki ni moja, na mara nyingi hata ukoo ni mmoja. Ukitazama kutoka Kinshasa utadhani ni mji mmoja. Aliyelipa kodi ya nyumba kote kuwili anajua kwamba kazi inayokulisha Butembo inaweza kukulaza njaa ukiipeleka Beni.

Msimamo wangu nautaja mapema: usichague mji kwa sifa zake, wala kwa woga peke yake. Chagua kwa kazi ya mikono yako, kisha utafute mtaa ulio salama ndani ya mji huo. Wengi hufanya kinyume, na miezi michache baadaye unawakuta tena njiani na magodoro juu ya gari.

Hata hivyo woga upo, na haujatoka hewani. Jina la Beni lilichafuka tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka mji huo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 damu ilimwagika Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Kwa miaka hiyo Butembo ilihesabika kuwa kimbilio: mtu akiteremka na watoto kutoka Mbau au Oicha, jamaa walimwambia afike Butembo alale usingizi. Hesabu hiyo imezeeka. Tangu jeshi la Uganda livuke mpaka tarehe 30 Novemba 2021 kushirikiana na jeshi la Kongo, FARDC, katika operesheni ya Shujaa, wauaji wa ADF wamesukumwa na kusogea, na sehemu yao imeingia magharibi ya Lubero, katika sekta ya Bapere. Ntoyo, ambako watu waliuawa kwenye matanga Septemba 2025, iko upande huo, upande ambao mtu wa Butembo alikuwa akienda kuchimba dhahabu na kununua mazao bila wasiwasi mkubwa. Kusini nako kuna mstari wa mbele wa vita na M23. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Beni ni kifo na Butembo ni amani anakusomea habari za miaka kumi iliyopita.

Linalofaa kuulizwa ni kartie, maana mji mzima haushambuliwi kwa pamoja. Beni, mitaa ya pembeni inayotazama mashamba na Hifadhi ya Virunga, kama Boikene, Ngadi na Rwangoma, imeonja mabaya ambayo watu wa katikati ya mji waliyasikia kwa mbali. Butembo ukikaa katikati, kisha ukaambiwa kuna nyumba ya bei rahisi sana kule juu ya mlima mwisho wa Vulamba au Bulengera, jiulize kwanza kwa nini ni rahisi. Nenda saa kumi na mbili jioni utazame kama kuna watu barabarani. Zungumza na chefu wa kartie, kisha na mama anayeuza mkaa kwenye kona. Huyo wa pili ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu wezi wa usiku.

Kuna jambo la usalama ambalo wahamiaji hawalihesabu: siku za kufunga mji. Miji yote miwili ina desturi ya "ville morte". Vikundi vya vijana au jumuiya ya kiraia vikitoa tangazo, maduka hayafunguliwi, pikipiki hazitembei, shule zinabaki tupu. Mwenye mshahara wa mwezi anapumzika. Fundi, mpishi wa maandazi na kibarua wanapoteza chakula cha siku. Ukiishi kwa kipato cha kila siku, akiba ya siku kadhaa ni sehemu ya gharama ya kuhama, sawa na nauli. Kumbuka pia kwamba jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Miji inaongozwa na maofisa wenye sare, na anayetembea bila kadi ya mpiga kura anapata taabu kwenye kila kizuizi. Ukiipoteza kadi, tafuta cheti cha upotevu kabla hujasafiri.

Sasa tufike kwenye chakula cha nyumba.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na walioujenga ni wao zaidi kuliko serikali. Wakati dola ilipokuwa imelala, matajiri wa hapa walichanga fedha za barabara na za umeme, na kutoka kwenye milima hii ya zaidi ya mita 1,700 walikwenda wenyewe Dubai na Guangzhou kuleta mali. Kontena inashuka Mombasa, inapita Kampala, inavuka Kasindi, na ghala lake liko Butembo. Vitenge, vipuri vya pikipiki, mabati, dawa, simu: mtu wa Lubero, wa Bunia, na zamani hata wa Kisangani, alijaza mzigo wake hapa. Ukiwa muuzaji, fundi cherehani, fundi wa pikipiki, mwenye duka la dawa au mpishi wa mkahawa, mji huu una wateja wengi, na una washindani wengi vilevile.

Ila kuna mlango mmoja usioonekana. Biashara ya Butembo inakwenda kwa mkopo wa mali, na mkopo huo unatolewa kwa jina, karatasi zinakuja baadaye kama zinakuja. Mwenye ghala anampa mtoto wa fulani, wa parokia fulani, wa kijiji fulani, balo tatu za vitenge, arudishe pesa akishauza. Wewe uliyetoka Goma jana utauziwa kwa fedha taslimu, tena kwa bei ya rejareja, na kwa bei hiyo hutapata faida. Dawa yake ni kuingia na mtu wa kukutambulisha: shemeji, mchungaji, mwalimu aliyekufundisha. Ingia kwenye likirimba ya mtaa, uchange kidogo kidogo bila kukosa, uonekane kwenye matanga na kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Kabla ya mwaka kuisha utaona milango inafunguka. Bila hayo, mtaji mdogo utaliwa na kodi ukiwa bado unajifunza majina ya mitaa.

Beni inaishi kwa vitu vingine. Iko chini, karibu mita 1,100, ardhi yake ina joto na rutuba, na kilomita 80 hivi za barabara zinaifikisha Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Kakao, kahawa, vanila, mafuta ya mawese, mchele na mbao ndivyo vinavyozungusha fedha. Anayejua kununua mazao, kuyakausha, kuyapima na kuyasafirisha hapotezi kitu akiipita Butembo na kushukia Beni. Lakini tafadhali usifungue biashara ya kakao kwa kukumbuka bei ya 2024. Mwaka huo tani moja ilipita dola 10,000 kwenye soko la dunia, vijana wakaacha udereva na kuwa wanunuzi. Mwaka 2025 bei ilishuka sana, na waliokuwa wamekopa kununua kwa bei ya juu walibaki na magunia na madeni. Isitoshe, shamba la kakao lililo mbali na mji ni mali unayoweza kukatazwa kuifikia na watu wenye bunduki kwa msimu mzima. Nunua kutoka kwa mkulima. Usiwe mkulima wa kakao mwaka wako wa kwanza.

Jambo jipya la Beni ni ofisi. Tangu mwanzo wa 2025, Goma ilipotoka mikononi mwa serikali, uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini umekuwa ukifanya kazi kutoka Beni. Ukiwa mhasibu, mwanasheria, mwandishi wa ofisini, dereva wa shirika au mtu anayeishi kwa zabuni na mihuri, mambo yako yako huko zaidi kuliko Butembo. Uwanja wa ndege wa Mavivi nao uko kaskazini tu ya mji, wakati Butembo ina kiwanja kidogo cha Rughenda. Uzuri huu una bei yake. Mji ukipokea watu wenye mishahara ya dola, wenye nyumba nao wanajifunza kuhesabu kwa dola. Tuliyaona wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, magari meupe yalipojaa Beni na Butembo: kodi ilipanda, mishahara ya muda ikazoeleka, kisha mashirika yakaondoka na kuacha vijana waliokuwa wameacha shule ili waendeshe magari hayo. Ofisi za jimbo nazo zimekuja kwa sababu ya vita, na zinaweza kurudi zilikotoka. Usijenge maisha ya miaka ishirini juu ya ofisi iliyohamia kwa muda.

Nyumba. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Utakutana na papa mwenye nyumba anayedai 6, akikuambia kwa upole kwamba sheria ni ya Kinshasa. Wengi hulipa kwa sababu wana watoto barabarani. Ukilazimika kulipa, pata mkataba ulioandikwa, unaotaja kiasi cha garanti na namna itakavyorudishwa, na shahidi mmoja asiye wa ukoo wake atie sahihi. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, mpe chake baada ya kupata ufunguo, asilipwe kabla. Butembo uliza maji kabla ya kuuliza vyumba: mji uko juu ya vilima, na nyumba nzuri isiyo na bomba wala chemchemi karibu itakugharimu madumu kila siku. Mteremko mkali nao utazame vizuri, mvua ikinyesha utajua kama mfereji wa jirani unaishia sebuleni kwako. Umeme usiuulize kwa mwenye nyumba. Mwulize kinyozi wa mtaa huo, maana bila umeme hanyoi.

Kununua kiwanja ni habari nyingine, na hapa naomba nisikilizwe. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni ya serikali, na mtu anapata haki ya kuitumia. Karatasi inayosimama mahakamani ni cheti cha usajili kutoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya kartie na karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwenye baa ni mwanzo tu wa safari. Mashariki ya Beni, upande wa Mayangose, kuna ugomvi wa muda mrefu kati ya wakulima na hifadhi, na viwanja vimeuzwa mara nyingi na watu wasiokuwa na haki ya kuuza. Hifadhi ile ilianza mwaka 1925, ina mipaka yake na walinzi wake. Mgeni asinunue Mayangose, hata akionyeshwa nyumba zilizokwisha kujengwa. Na popote pale, Butembo au Beni, panga kwanza kwa mwaka mmoja. Mvua mbili na kiangazi kimoja vitakufundisha mengi kuhusu mtaa.

Kuhusu watu na lugha, tofauti ni kubwa kuliko inavyosemwa. Butembo unaweza kukaa siku nzima sokoni ukisikia Kinande tu. Watakujibu kwa Kiswahili ukiwauliza, lakini bei ya ndani inasemwa kwa Kinande, na utani pia. Anayetoka Masisi au Kisangani anaweza kujiona yuko nje ya dirisha kwa muda mrefu. Ajifunze salamu na hesabu mapema, watu hufurahi na wanalegeza. Beni imechanganyika zaidi. Kiswahili ndicho cha mtaani, Kilingala kimeingia pamoja na askari na wafanyakazi wa serikali, na mgeni hapotei haraka. Kuna upande mwingine wa mambo, nao ni mchungu: katika miji yote miwili, vita vimewafanya watu wamtazame mgeni kwa macho makali, na mtu anaweza kushukiwa kwa sababu ya sura au lafudhi. Jiandikishe kwa chefu wa kartie siku ile ile ya kufika, jitambulishe kwa majirani wa nyumba kumi, usingoje waulizane juu yako. Ukipokelewa na familia, kama wengi wa madeplase wanavyopokelewa huku kwetu bila kambi wala hema, changia unga na sabuni tangu wiki ya kwanza. Mwenyeji wako hatakuomba, ila mifuko yake ina mwisho.

Shuleni, Butembo inashinda, na sioni haja ya kuzunguka. Ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, ina Université de l'Assomption au Congo, ina Université Officielle de Ruwenzori, na shule za sekondari za masista na mapadri ambazo wazazi wa Beni wenyewe hupeleka watoto wao. Beni ina jambo lake moja zuri sana: Université Chrétienne Bilingue du Congo, iliyoanza mwaka 2007, inafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, na kijana anayetazama Kampala au Nairobi akipita pale anavuka mpaka na lugha mkononi. Shule za msingi za serikali hazina karo tangu Septemba 2019 kwa sheria. Kwa vitendo utaombwa hiki na kile, kwa hiyo uliza kwa wazazi wengine, usimwulize mkurugenzi peke yake.

Afya siioni kuwa sababu ya kuchagua. Butembo kuna Matanda, Kitatumba na Katwa. Beni kuna hospitali kuu ya rufaa, na wauguzi wa pande zote mbili walipita katika mlipuko wa Ebola uliofikia wagonjwa 3,470 na kuua watu 2,287, kwa hiyo wanajua kazi ngumu. Cha kuangalia ni mwili wako. Beni ina joto na malaria nyingi, mama mwenye watoto wachanga anunue vyandarua kabla ya vyungu. Butembo ina baridi na ukungu wa asubuhi, mzee mwenye kifua kibovu au mtoto wa pumu atateseka humo, hasa nyumba ikiwa haina dari.

Jikoni pia kuna hesabu. Viazi, maharagwe, kabichi na vitunguu ni rahisi zaidi Butembo, vinashuka kutoka Lubero wakati barabara imetulia. Ndizi, mihogo, mchele na mafuta ya mawese ni rahisi zaidi Beni. Familia ya watu wanane inayokula ugali wa mihogo na sombe itaona tofauti mwisho wa mwezi.

Basi niamue. Wewe uliye na watoto wa shule na mtaji mdogo wa duka au ufundi, na una angalau ndugu mmoja wa kukutambulisha, simama Butembo. Wewe wa mazao, wa ofisi, wa mashirika, wa mpaka wa Uganda, au wewe usiye na mtu yeyote Butembo na usiyejua Kinande, nenda Beni, ukae katikati ya mji. Na kuna njia ya tatu ambayo familia nyingi za huku zimeitumia kimya kimya: mama na watoto Butembo kwa ajili ya shule, baba Beni kwa ajili ya kazi, wanaonana mwisho wa juma barabara ikiwa shwari. Njia hii ina gharama ya nyumba mbili na ya hatari ya safari, kwani kati ya miji hiyo kuna Maboya na Kabasha, na zipo siku ambazo kupita si busara. Barabara hiyo ni mojawapo ya zile ambazo serikali za Kongo na Uganda zilikubaliana kuzitengeneza, kazi ikazinduliwa Juni 2021. Usipange maisha kwa kutegemea lami, panga kwa barabara uliyoiona kwa macho.

Vyovyote utakavyochagua, mzigo usitangulie. Atangulie mtu mmoja mzima, akae wiki tatu au nne kwa jamaa, apime soko, atembee mitaa asubuhi na jioni, apate nyumba, ndipo aite wengine. Fedha zisisafiri kwenye nguo: zigawe, sehemu kubwa iwe kwenye simu au benki yenye tawi mji unaokwenda. Usiuze nyumba yako ya zamani kwa hasira ya wiki ya kwanza, hata kama kuna anayekupa bei. Mwachie mtu ufunguo, na piga picha za hati zote uzitume kwa ndugu aliye mbali. Halafu, kabla ya kupanda gari, pitia shuleni uchukue buletini za watoto zenye muhuri, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja. Shule uliyoiacha ikishafungwa au ikishachomwa hutapata pa kuziomba, na mtoto wa darasa la sita asiye na karatasi anaweza kurudishwa la tano huku wewe umesimama mlangoni ukieleza.